Msonyo wa Sekunde Moja na Nusu

Nilikuwa nimesimama Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikimchagulia mama kitenge, pale dada mmoja aliponipita kwa bega, akainama juu ya meza ya vitambaa na kumtazama muuzaji usoni kama anayesoma bango.

"Samahani anti. Wewe si yule Msonyo?"

Muuzaji akacheka. Hakushtuka wala hakuudhika. Akaweka mkasi chini, akageuza shingo taratibu, akabetua mdomo, akasonya. Msonyo mrefu, wenye mkia, ule ambao ukiusikia nyuma yako kwenye daladala unajikagua umefanya nini. Duka zima likaangua kicheko. Yule dada akanunua pisi mbili na kuomba picha ya pamoja.

Mimi nililipa bei niliyotajiwa, sikuomba kupunguziwa hata mia, nikaondoka na kitenge ambacho mama hakukipenda.

Ule msonyo naujua. Niliuweka mimi.

Hiyo ilikuwa wiki saba zilizopita. Tangu hapo nimeandika mwanzo wa makala hii mara nne na kuufuta mara nne, kwa sababu kila mara nilijikuta natafuta mahali pa kukata ili nionekane vizuri.

## "Wiki hii hatuna mbaya"

Miaka 12 iliyopita nilikuwa kijana wa kubeba nyaya aliyepandishwa cheo akawa msaidizi wa kuediti kwenye shindano moja la uimbaji. Jina silitaji. Waliolitazama watalijua, wasiolitazama hawakupoteza kitu.

Kwenye karatasi zetu washiriki hawakuwa na majina, walikuwa na namba. Yule muuzaji wa vitenge alikuwa Kumi na Moja. Kazi yangu ilikuwa kutazama futeji ya nyumba waliyopangiwa, Mbezi Beach, na kuandika kwenye daftari: saa, kamera, nani, anafanya nini. Ukiandika daftari kama hilo kwa wiki tano unagundua kwamba binadamu akiachwa na kamera, shughuli yake kubwa ni kutafuta chaja.

Jumatano moja mkubwa wangu, mtu mpole kabisa, wa kunywa maji ya uvuguvugu kwa sababu ya vidonda vya tumbo, alivua hedfoni akasema kwa sauti ya mtu aliyeishiwa chumvi katikati ya mapishi:

"Wiki hii hatuna mbaya."

Kipindi kilikuwa kiende hewani Jumamosi. Mwema tulikuwa naye. Namba Nne alikuwa amelia kitandani baada ya majaji kumwambia sauti yake ni ya kwaya, ya mstari wa nyuma. Kilio kizuri, mwanga mzuri. Lakini chozi peke yake halijazi dakika tatu. Linataka wa kulisababisha, au angalau wa kulidharau.

Nikapekua daftari langu. Siku mbili kabla ya kile kilio nilikuwa nimeandika: "Kumi na Moja, sebuleni, kiboksi cha maiki kimenasa kwenye gauni. Anasonya." Shoti ya karibu, uso umejaa. Nikaileta. Mkubwa akaiweka pale.

Chozi. Msonyo. Chozi.

Akageuka akanipa mkono. Nilijisikia kama nimefunga goli dakika ya 90.

Jumatatu yake watu walikuwa tayari wana jina la kumwita. Kuna kijana aliutoa ule msonyo akaufanya mlio wa simu, na kwa miezi kadhaa ungeweza kuusikia kwenye mifuko ya watu stendi. Kumi na Moja alitolewa wiki mbili baadaye kwa kura za SMS. Namba Nne alifika fainali.

Je, alitoka kwa sababu ya msonyo? Sauti yake ilikuwa imeanza kukwama tangu wiki ya tatu, na wimbo wake wa mwisho aliuanza juu mno akashindwa kuushusha. Hoja hii nimeitumia miaka mingi kama mto wa kulalia. Ni hoja nzuri, shida yake inanipendelea mimi.

Washiriki wote walikuwa wamesaini fomu inayotupa ruhusa ya kukata, kupanga na kuonyesha tutakavyo. Kisheria tulikuwa safi, nadhani ndiyo maana ilinichukua miaka 12 kukosa usingizi.

## Saa 936

Baada ya siku ile Kariakoo nilianza kutazama upya mashindano ya zamani, si kama shabiki bali kama fundi cherehani anayekagua mishono ya mwenzake. Nilianza na lile lililopigwa picha kwa jirani zetu: msimu wa tatu wa Survivor ya Marekani, shindano la watu wanaoachwa porini wakitoana kwa kura mpaka abaki mmoja, uliofanyika mwaka 2001 katika Hifadhi ya Shaba, Isiolo, kaskazini mwa Kenya.

Watu 16, siku 39. Siku 39 ni saa 936. Kilichoonyeshwa, ukiondoa matangazo ya biashara, ni kama saa kumi. Kwa hiyo kila saa moja uliyoiona imekalia mgongo wa saa zaidi ya tisini ambazo hukuziona, na hapo nimehesabu kama vile kamera ilikuwa moja, nazo zilikuwa nyingi. Gawa saa kumi kwa watu 16, kila mmoja anapata dakika 37 hivi, kabla hujatoa michezo, mandhari na maneno ya mtangazaji. Wasifu wa marehemu msibani huwa mfupi kuliko huo, lakini msibani angalau anayeusoma ni ndugu.

Timu mbili za mwanzo ziliitwa Boran na Samburu. Zilipounganishwa zikaitwa Moto Maji, jina ambalo Mswahili yeyote akilisikia anauliza mbona halijaisha. Waborana na Wasamburu wenyewe walikuwa wanaishi na mifugo yao nje ya hifadhi hiyo, wakiwa na visa vyao vya kutosha kujaza misimu kumi. Kwenye runinga walikuwa jina la kitambaa cha kichwani cha washiriki. Huo nao ni uhariri, tena wa kwanza, unaofanyika kabla kamera haijawashwa: kuamua nani ni mtu na nani ni mandhari.

Halafu wanyama. Mtu anapanga njama kando ya moto, kata, fisi anachungulia. Mtu anaahidi uaminifu, kata, nyoka anateleza. Fisi hakuwa na habari na njama ya mtu. Pengine alipigwa picha juma jingine kabisa, akitafuta riziki yake. Nilipoona hivyo nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba nami nilikuwa na nyoka wangu. Wangu alikuwa amevaa gauni.

Mwaka huohuo wa 2001, mtayarishaji wa Survivor, Mark Burnett, alikiri hadharani kwamba baadhi ya matukio ya michezo yalirudiwa kwa kutumia watu wa badala, ili picha za mbali zipatikane bila wapiga picha kuonekana ndani yake. Alisisitiza kwamba matokeo hayakuguswa. Watu walipiga kelele sana. Mimi naona hiyo ilikuwa dhambi ndogo kuliko zote. Mtu wa badala akiogelea badala ya mwenyewe, nani ameumia? Msonyo wangu ulikuwa wa kweli, umesonywa na mwenyewe, kwa mdomo wake, ndani ya nyumba ileile. Hakuna ambacho ningelazimika kukiri.

## Wapiga ramli

Mashabiki wa Survivor wana elimu yao kamili kuhusu jambo hili. Wanaiita edgic, neno walilolishona wenyewe kutoka maneno mawili ya Kiingereza, la uhariri na la mantiki. Kipindi kikiisha wanampa kila mshiriki alama: ameonekana kwa kiasi gani, kuanzia 1 hadi 5, amechorwa kwa wema au kwa ubaya, amepewa utu wenye tabaka au ni kelele tu. Kuna hata alama ya yule ambaye ni kama hakuwepo. Shabaha yao ni kumtabiri mshindi kwa kumsoma mhariri badala ya kumsoma mchezaji.

Mara ya kwanza kuona majedwali yao nilitabasamu. Mara ya pili nilitoka jasho. Watu ambao huenda hawajawahi kuingia chumba cha kuediti walikuwa wanasoma mikono yetu kama mganga anavyosoma bao. Walikuwa wanajua kwamba anayeonekana sana mapema hupata mwisho mbaya. Walikuwa wanajua kwamba mtu akipewa nafasi ya kueleza kosa lake mwenyewe, mezani kuna mtu anamlinda.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Kumi na Moja hakuwahi kuulizwa. Yale mahojiano ya pembeni, ambapo mshiriki anakaa peke yake mbele ya kamera na kuelezea wiki yake, alifanyiwa kama wenzake. Hakuna aliyemuuliza kuhusu msonyo, kwa sababu alipokaa kwenye kile kiti msonyo ulikuwa bado haujazaliwa.

Ila nina shaka na hawa wapiga ramli. Mshindi wa Shaba alikuwa Ethan Zohn, golikipa aliyewahi kuchezea Highlanders ya Bulawayo, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha Grassroot Soccer, taasisi inayofundisha vijana kuhusu VVU kupitia mpira. Ukimtazama leo ukiwa unajua yote hayo, kila anapotabasamu unasema, ona, walikuwa wanatuandaa. Labda walikuwa wanatuandaa. Labda ni kijana anatabasamu. Kila ukijua mwisho wa mtu, mwanzo wake unajipanga wenyewe, na kwa hilo hahitajiki mhariri.

## Nyumba yenye dishi

Mwaka 2003, Big Brother Africa ya kwanza ilipoanza, mtaani kwetu kulikuwa na nyumba moja yenye dishi. Nchi 12, mshiriki mmoja kila nchi, wote wamefungiwa nyumba moja yenye kamera, siku 106, saa 24. Tanzania tulikuwa na Mwisho Mwampamba, aliyeishia wa pili nyuma ya Cherise Makubale wa Zambia. Sisi watoto tulikuwa tukifukuzwa pale kwa jirani saa mbili usiku na kurudi kuchungulia dirishani saa tatu.

Nakumbuka zaidi ya yote watu waliolala. Dakika arobaini za mtu aliyelala, mguu mmoja nje ya shuka. Tulikuwa tunatazama! Na kesho yake kijiweni tulikuwa tunabishana na walioona muhtasari tu, au waliosimuliwa na walioona muhtasari, kana kwamba tunazungumzia nyumba mbili tofauti. Wao walikuwa na ugomvi na mapenzi. Sisi tulikuwa na vyombo visivyooshwa, na tulikuwa tunajua ni vya nani.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba dishi lilikuwa dawa: waonyeshe yote, mtazamaji ajiamulie. Lakini hata pale kuna mtu alikuwa amekaa kwenye chumba cha mitambo akichagua, kati ya kamera zote za ile nyumba, ni ipi iende hewani sasa hivi. Tulipokuwa tunamtazama mtu aliyelala, jikoni kulikuwa na nini?

Na Idris Sultan aliposhinda Big Brother Africa na kuleta nyumbani dola 300,000 mwaka 2014, mambo yalikuwa yameshabadilika. Mtu hakuhitaji tena dishi wala muhtasari. Klipu zilikuwa zinakatwa na mashabiki wenyewe, sekunde kumi huku, sekunde kumi kule, za kumpandisha huyu na kumzika yule. Chumba chetu cha kuediti kilikuwa kimehamia mfukoni mwa kila mtu, bila hata mtu mpole wa kunywa maji ya uvuguvugu.

## Waliopitishwa mlangoni

Watu wakijua niliwahi kufanya kazi hiyo huniuliza swali moja: yule anayeimba kama mbuzi mbele ya majaji, naye ni wa kupangwa?

Hapangwi, anachaguliwa. Kwenye mashindano makubwa ya uimbaji, American Idol iliyoanza 2002 ikiwemo, majaji maarufu hawasikilizi foleni nzima. Watayarishaji huchuja kwanza, na wanaovuka ni wazuri sana pamoja na wabovu wa kuchekesha. Wa kati, ambao ndio wengi wetu, wanarudi nyumbani. Kwa hiyo yule mbovu, kabla hujamwona, kuna mtu ameshamwambia "hongera, umepita". Anapoingia kifua mbele na kuwaambia majaji ana kipaji, tunamcheka kwa kujiamini kwake. Kujiamini huko amepewa mlangoni.

Sisi tulifanya hivyo pia, mikoa yote tuliyopita. Niliwahi kumfungia maiki mzee mmoja aliyekuja na suti aliyoolea. Hapo naomba nisiendelee.

## A- haisemi ni nani

Wenzetu wanaotengeneza vipindi hivi kwa Kiingereza wana ufundi wa kuunga sentensi: nusu ya Jumatatu, robo ya Alhamisi, unazishona, mtu anasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Wameupa ufundi huo jina la Frankenstein, lile zimwi lililoshonwa kwa viungo vya maiti. Dalili yake ni sauti kuendelea huku uso haupo, kamera imehamia kwenye mkono, mti, kikombe. Ukiona kikombe, jiulize.

Kwa Kiswahili kazi hiyo ina ugumu wake. Ngeli zinakataa. Mtu akisema "inanikera", huwezi kumbandikia binadamu; kila mtu atajua ni jenereta au harufu ya choo. "Kinanikera" ni kitanda. Lugha yetu ina askari kila mlango.

Isipokuwa mlango mmoja.

"Ananikera." Nani? Mwanamume au mwanamke? Kaka yake aliyemwachia mtoto nyumbani? Jaji? Mbu? Mbu naye ni a-. Nimeshuhudia "ananisumbua usiku kucha, nitamuua huyu", iliyosemwa kuhusu mbu, ikawa ya mtu wa kitanda cha pili. Kiingereza kinamlazimisha msemaji kufichua angalau kama ni mume au mke. Chetu kinamsitiri. Naipenda sana sitara hiyo, na nilipokuwa mezani Ijumaa usiku nimechelewa kipindi, niliipenda zaidi.

Msonyo hauna hata hiyo a-. Ni sauti tupu, inamwangukia yeyote aliyewekwa mbele yake. Na kwetu si sauti ndogo. Mtoto akimsonya mkubwa, haulizwi alimaanisha nini. Anaulizwa kalelewa na nani. Mtazamaji hakuhitaji maelezo yoyote. Hatukuandika neno, hatukuweka hata muziki. Tuliacha malezi ya watu yafanye kazi.

## "Hamna"

Diski yenye futeji ya nyumba ile niliikuta Tanga, kwa mama, ndani ya sanduku la vyeti chini ya kitanda, imefungwa kwenye soksi. Kupata waya wake kulinichukua siku mbili na fundi watatu.

Nilikuwa nimeshajiandalia nitakachokiona. Nilitaka kuona msonyo mzima na kuridhika kwamba ulikuwa wa kiboksi cha maiki, ili nije niwaambie humu kwamba dada wa watu alionewa. Na kweli, tarehe iko pale, siku mbili kabla. Kipande kizima ni sekunde arobaini. Anahangaika na kile kiboksi kiunoni, kimenasa, anavuta, kinagoma. Anasonya.

Kisha anacheka.

Sekunde mbili baada ya pale tulipokata, anacheka peke yake, anakipiga kile kiboksi kofi, anasema, "Mtanizika na hili likopo." Tungeacha sekunde mbili zaidi, Tanzania nzima ingecheka naye.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini diski ilikuwa imeshafunguka, na daftari langu lilikuwa limepigwa picha na kuhifadhiwa humohumo, kurasa zote, mwandiko wangu wa kijana. Nikaenda kwenye usiku wa kilio. Kamera ya tatu, chumba cha wasichana, saa saba kasoro usiku. Namba Nne analia kitandani; hiyo naijua, tuliitumia. Baada ya pale tulipoacha kuitumia, Kumi na Moja anaamka kitanda cha ukutani. Anachukua kanga yake, anavuka chumba, anamfunika Nne, anakaa ukingoni mwa kitanda. Anakaa dakika nne. Midomo yake inasogea, lakini husikii kitu, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na jenereta lilikuwa chini ya dirisha, linanguruma kama lori la mchanga.

Nikatafuta mstari wake kwenye daftari. Niliuandika mimi, kwa kalamu nyekundu:

"Hamna. Jenereta."

Miaka yote nilidhani kosa letu lilikuwa kile tulichokiweka. Sikuwa nakumbuka kabisa kwamba nilikitazama hiki. Sikukificha kwa ubaya, wala hakuna mtu aliyeniambia nikifiche. Kilikuwa na sauti mbovu. Mwema wa wiki ile na mbaya wa wiki ile walikuwa kwenye shoti moja, wamekaa kitanda kimoja, na kilichoamua ni dizeli.

Nilikaa pale sebuleni kwa mama mpaka adhana ya alfajiri.

## Nimerudi dukani

Nilitengeneza vipande viwili kwenye simu, cha likopo na cha kanga. Cha kanga nilikipunguza mngurumo. Nikakata pia mwanzo, pale Kumi na Moja anapokaa kitandani kama dakika nzima akiangalia dari kwa uso uliokunjamana, kwa sababu niliona pamechelewa. Mkono ulifanya kabla sijafikiri. Niligundua, nikauacha hivyohivyo.

Nilifika mapema, kabla wateja hawajajaa. Nikajitambulisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Ee kaka," akasema, "kumbe ni nyie." Akavuta stuli, akanipa.

Akatazama cha likopo kwanza. Akakirudia. Alipofika kwenye kicheko akaweka mkono mdomoni. Nikamwonyesha cha kanga, nikawa namtazama yeye badala ya simu, nasubiri.

"Usiku huu naukumbuka," akasema. "Kalia tangu saa nne, mtoto yule. Kesho yake tuna mazoezi alfajiri. Nikamfunika kanga nikamwambia, mwenzangu, lia ndani ya hii, sisi tulale."

"Lakini ulikaa naye."

"Nilikaa nihakikishe ananyamaza." Akacheka. "Simpendi mie yule, kaka. Alikuwa anamaliza mafuta yangu."

Sikuwa na la kusema. Zile dakika nne za kimya nilikuwa nimezijazia maneno yangu mwenyewe njia nzima kutoka Tanga.

Nikamuuliza kama msonyo ulimwumiza. Akafikiri kidogo, akanyoosha kitenge kilichokuwa tayari kimenyooka.

"Mimi nilishauzoea, na unauza, unaona mwenyewe. Aliyeumia ni mama. Kwenye kikoba walimuuliza huyu mtoto umemlea vipi. Nilimwambia haikuwa hivyo, nilikuwa nasonya likopo. Akasema, mwanangu, mimi nimeona kwa macho yangu." Akanyamaza. "Kafariki mwaka juzi. Alikuwa ananipenda, lakini hilo hakuliamini."

Wateja wawili wakaingia, akawakaribisha, akawauzia, akarudi.

"Nitumie hiki cha likopo," akasema, akinitajia namba. "Nitampelekea mama mdogo, naye aliona. Hiki cha kanga baki nacho."

Nikamtumia. Akahakikisha kimefunguka, akakitazama tena mpaka mwisho, mpaka kwenye kicheko. Nilipoinuka kuaga akanishika mkono wa shati.

"Siku ile ulipokuja, umevaa fulana ya bluu. Nilikutajia bei ya kuanzia, ukalipa. Hakuna mtu analipa bei ya kuanzia Kariakoo, kaka. Nikasema moyoni, huyu ana lake."